Dole Gumba la Mwalimu

SEHEMU YA KWANZA

Karatasi ilibandikwa mlangoni kati ya adhana ya alfajiri na kuiva kwa vitumbua vya kwanza. Mama Vitumbua anaapa hivyo. Alipotoka kwenda bombani, mlango wa klabu ulikuwa mtupu; aliporudi na ndoo kichwani, gundi ilikuwa bado inachuruzika kwenye mbao. Kusoma hajui, ila herufi zile kubwa nyekundu za juu analijua umbo lake, maana ziliwahi kubandikwa kwa shemeji yake kule Nangurukuru, na shemeji yake huyo leo analala sebuleni kwa mwanawe.

MNADA WA HADHARA.

Ilipogonga saa mbili, nusu ya Kilwa Masoko ilikuwa imeshakusanyika pale. Waliotoka gatini na ndoo za ngisi, waendesha bodaboda, walimu wawili waliochelewa kazini kwa makusudi. Kijana mmoja akasoma kwa sauti: kwa idhini ya mkopeshaji, kampuni ya udalali itauza nyumba na kiwanja cha klabu baada ya siku 14 kutoka tarehe ya tangazo, saa nne asubuhi, papo hapo ilipo nyumba. Mnunuzi atatoa asilimia 25 siku hiyohiyo na kumalizia salio ndani ya siku 14. Deni ni shilingi milioni 64.

"Milioni sitini na nne! Timu gani hiyo ya milioni sitini na nne?"

"Nyumba, bwana. Timu nani aitake?"

Watu wakacheka. Kicheko kikakatika alipotokea Mweka Hazina.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na ushei, anafanya uwakala wa pesa za simu kwenye fremu ya pili ya jengo hilohilo, na wanachama walimchagua kwa sababu moja tu: tangu aanze kazi hiyo droo yake haijawahi kupungua hata mia. Alisoma karatasi mara mbili. Halafu akauliza swali ambalo wote waliokuwa pale walidhani yeye ndiye mwenye jibu lake.

"Kwani tulikopa lini?"

Jengo lenyewe ukilipita hivihivi hutaligeukia. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, bati lililobadilishwa vipande vipande kila ufuta ulipopata bei. Mbele fremu nne, nyuma ukumbi na chumba cha jezi. Wanachama walilijenga kwa mikono yao miaka ya sabini, enzi ambazo klabu isiyo na nyumba ilihesabiwa kuwa ya kupita tu. Yanga walikuwa na jumba lao Jangwani, Simba na lao Msimbazi, na wazee wa Masoko wakasema na sisi hatushindwi. Tangu hapo kodi ya fremu ndiyo iliyonunua mipira na kuwalipa waamuzi. Mpira wenyewe haujawahi kuingiza kitu. Uwanja hauna uzio, kiingilio umtoze nani? Ila tangu Rais Samia Suluhu Hassan aweke jiwe la msingi la bandari ya uvuvi hapa Masoko mwaka 2023, viwanja vya upande wa gati vimekuwa vikiulizwa bei na watu wasioulizia samaki.

Barazani kila mtu alikuwa na lake. Mmoja akakumbusha kwamba hata jengo la Yanga liliwahi kutangazwa mnada mwaka 2017 kwa deni la kodi ya ardhi, na mpaka leo limesimama. Akajibiwa kwamba Yanga wana matajiri, wewe tajiri wako nani, Mama Vitumbua? Mwingine, shabiki wa Manchester United, akasema timu yake tangu 2005 inabeba deni la pesa zilizokopwa kuinunua yenyewe. Huyo hakujibiwa. Watu walikuwa wanamtafuta Mwenyekiti kwa simu, na simu ya Mwenyekiti ilikuwa haipatikani.

Saa sita mchana walijifungia watatu chumba cha jezi: Mweka Hazina, Katibu, na Mzee Nahodha. Mzee huyu jina lake amelichuma mara mbili, kwanza kwa kuiongoza timu uwanjani, kisha kwa kuendesha jahazi la mizigo la Mafia na Zanzibar. Ni mmoja wa wadhamini watatu wa klabu walioandikishwa RITA, wakala wa serikali wa udhamini. Mali ya klabu haiko mikononi mwa mwenyekiti wala katibu. Inashikwa na wadhamini, na bila sahihi zao na lakiri yao hakuna anayeweza kuiweka rehani.

"Shikamoo, babu. Hukwenda kula?"

"Marahaba, mwanangu. Nile nini leo?"

Katibu alikuwa amefanikiwa kumbembeleza dalali ampe nakala ya mkataba. Akaiweka juu ya sanduku la mipira, kurasa tisa, na wote watatu wakainama. Mkopo ulikuwa milioni 40 kutoka taasisi ya mikopo ya Dar es Salaam, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, dhamana hati ya kiwanja. Mweka Hazina akapiga hesabu kichwani: milioni 1 na laki 4 kila mwezi kwa riba peke yake. Miezi 14 ni milioni 19 na laki 6. Weka faini, weka gharama za dalali. Naam, 64 inafika.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nafasi tatu za wadhamini. Ya kwanza, sahihi ya Mwenyekiti, ambaye naye ni mdhamini. Ya pili, sahihi ya Mzee Nahodha, yenye ule mkia wake mrefu. Mzee akaikazia macho.

"Hii ni yangu. Lakini mimi niliambiwa ni karatasi za kwenda RITA. Za kumweka mdhamini mpya badala ya Mwalimu." Sauti ilimshuka. "Nina mtoto wa jicho, mnajua. Alinisomea mwenyewe."

Ya tatu ilikuwa ya Mwalimu, na haikuwa sahihi. Lilikuwa dole gumba.

"Mwalimu?" Katibu akasema. "Aliyewashikisha kalamu nusu ya Masoko hii, aweke dole?"

Mwalimu alifia Muhimbili siku zilezile za Kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024. Hakuna wa pwani hii asiyezikumbuka. Maji yalikuwa yameikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, mabasi yakajipanga kilomita nzima, abiria wakalala kwenye viti. Gari lililombeba marehemu nalo lililala Somanga usiku ule; bahari ilipotulia mwili ukatiwa kwenye mashua ukaletwa Masoko ukiwa haujaoshwa, maana aliusia aoshwe kwao na watu wake. Makaburini, kabla watu hawajatawanyika, kaka yake alisimama akasema kama ilivyo ada: anayemdai marehemu aje kwa familia, na aliyekuwa akidaiwa na marehemu naye aje. Mwenyekiti alikuwa mstari wa mbele. Aliinamisha kichwa akawa anakung'uta udongo kwenye viatu.

Mweka Hazina aliusogeza ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Wino wa zambarau, mistari ya dole imetoka vizuri, na katikati kuna mfuo mweupe umekatiza kwa mshazari kutoka upande mmoja hadi wa pili.

"Kovu la mshipi," Katibu akanong'ona. Kila aliyesoma kwa Mwalimu anakijua kisa cha kovu lile: kolekole mkubwa, mshipi ukamkata kidole mpaka karibu na mfupa, na hakuuachia. Alikuwa akikisimulia darasani kila watoto walipokata tamaa na hesabu.

"Basi ni dole lake kweli," Mweka Hazina akasema. "Tarehe je?"

Katibu akaweka kidole penye tarehe. 11 Juni 2024.

"Tarehe hiyo Mwalimu ana zaidi ya mwezi kaburini."

Mzee Nahodha alivua miwani. Mikono ilikuwa inamtetemeka.

"Mimi ndiye niliyemwosha," akasema. "Dole hili lilikuwa na wino. Nikajua ni mambo ya hospitali hayo. Nikalisugua kwa sabuni mpaka likawa safi."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Nyumba ya klabu imetangazwa mnada kwa mkopo ambao Mweka Hazina haujui. Mkataba una dole gumba la marehemu Mwalimu, na Mzee Nahodha aliyemwosha marehemu anasema alilikuta dole hilo na wino. Sasa endelea.

Basi la Lindi lilimchukua Mweka Hazina Nangurukuru saa moja asubuhi. Hoteli Tatu, Kiranjeranje, Mbwemkuru, Mchinga. Hakuona hata kimoja. Alikuwa amepakata mfuko wa plastiki wenye nakala ya mkataba, taarifa ya benki ya klabu, na daftari la mahesabu alilorithi kwa mweka hazina aliyemtangulia.

Wakili alikuwa mama wa makamo, ofisi yake iko ghorofani mjini Lindi, feni imesimama na madirisha yako wazi. Alisoma bila kusema neno, akitia alama kwa penseli. Kisha akavuta kiti.

"Hebu tuanze na pesa. Zilikuja wapi hizi milioni 40?"

Hapo ndipo mambo yalipozidi kuchanganya. Kwenye akaunti ya klabu, Juni 2024, iliingia milioni 22. Mweka Hazina anaikumbuka vizuri siku hiyo. Mwenyekiti aliitisha kikao akatangaza kwamba amepatikana mfadhili, mtu wa Dar asiyependa kutajwa, na timu itakwenda kwenye Ligi ya Mabingwa wa Mikoa ikiwa na basi lake na posho zake. Watu walipiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza jina la mfadhili, na kwa hakika nani angeuliza? Pesa ilikwisha kama barafu ya ferini: basi, nyumba ya wageni, chakula cha watu thelathini, posho, dawa, jezi za pili, nauli za viongozi ambao hawakuwa na kazi huko. Wiki ya tatu timu ikatolewa kwa mabao mawili ya dakika za mwisho.

"Mngepanda mngepata nini?" Wakili akauliza.

"Hatua nyingine tu. Madeni zaidi."

Wakili akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayelijua jambo. Alikuwa ameshawahi kusimamia klabu nyingine. Kila klabu ya mkoa huu inaota kuwa Namungo, akasema: timu imetoka Ruangwa, mwaka 2019 ikapanda Ligi Kuu, mwanzoni mwa 2021 inacheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika na akina Raja Casablanca. Watu wanaiona ngazi ya juu. Mkataba ule wa matangazo wa Azam wa mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, ni wa klabu za Ligi Kuu. Huku chini hakuna haki za matangazo, hakuna kiingilio, kuna ada na nauli. Kwa hiyo kiongozi anapotaka kupanda anatazama huku na huku, na kitu pekee chenye bei anachokiona ni paa la nyumba ya klabu.

"Sasa tutazame na hii." Akageuza karatasi ya mgawanyo wa mkopo. Milioni 22, akaunti ya klabu. Milioni 18, fedha taslimu, kumaliza madeni ya ndani ya klabu, zimepokelewa na Mwenyekiti.

"Deni gani la ndani la milioni kumi na nane?"

"Sijui, dada yangu. Mimi kwenye vitabu vyangu sina deni hilo."

Wakili akainua vidole. Kuna mdhamini aliyesaini akiwa maiti. Hilo likithibitishwa rehani haina miguu, na wa kuelezwa watakuwa polisi. Kuna wakili mwenzake wa Dar es Salaam aliyegonga mhuri kushuhudia kwamba Mwalimu alifika mbele yake na kuweka dole kwa hiari. Huyo ana lake la kujibu. Lakini mambo ya madole na maiti yanakula miaka. Njia ya haraka ni nyingine. Chini ya Sheria ya Ardhi, mkopeshaji hawezi kuuza kabla ya kumpa mkopaji taarifa ya siku 60 kwamba ameshindwa kulipa.

"Mliipata taarifa hiyo?"

"Hatukupata kitu. Barua zote za klabu zinapita dirishani kwangu."

"Basi leo hii naandika maombi ya zuio, yaende Baraza la Ardhi na Nyumba. Hawawezi kuuza." Uso wa Wakili ulikuwa umechangamka. "Niliwapigia hao wakopeshaji jana uliponipa habari kwa simu, wamenitumia ushahidi wao wa kupeleka taarifa. Nimeuchapa lakini sijausoma. Tuone waliupeleka wapi."

Akaichomoa karatasi kwenye faili. Akaitazama, halafu akamtazama Mweka Hazina, halafu akaitazama tena. Uchangamfu ulimtoka usoni.

"Dirisha lako lina mhuri?"

Karatasi ilisukumwa mezani. Taarifa ya siku 60, imepokelewa kwa niaba ya klabu. Chini yake mhuri wa buluu wa duara, namba ya uwakala ambayo Mweka Hazina huiandika mara mia kwa siku. Na juu ya mhuri, kwa mwandiko wa haraka ulioinama upande wa kushoto, sahihi ya mtu aliyemlea mwenyewe tangu akiwa na miaka sita.

Mdogo wake. Golikipa wa timu.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Wakili wa Lindi ameona njia ya kuzuia mnada, lakini taarifa ya siku 60 imepokelewa kwa mhuri wa Mweka Hazina na sahihi ya mdogo wake. Sasa endelea.

Golikipa hakuonekana nyumbani siku tatu. Siku ya nne mtu akasema amemwona Kivinje, anashusha samaki. Mweka Hazina alifunga dirisha mchana kweupe, jambo ambalo halijawahi kutokea, akapanda bodaboda.

Alimkuta ufukweni, si mbali na boma kuukuu la Wajerumani lililobaki kuta, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Kijana wa miaka 22, mikono mirefu, vidole vimefungwa plasta za mazoezi hata siku isiyo na mazoezi. Alipomwona dada yake hakukimbia.

"Ulipiga mhuri wangu."

"Mwenyekiti alisema ni barua ya usajili. Kwamba kuna timu ya Dar inanitaka, wanahitaji mhuri wa ofisi yoyote."

"Ukaamini?"

"Dada, nina miaka 22. Mlinda mlango wa ligi ya mkoa. Ningeamini chochote."

Upepo ulikuwa wa kusi, unaleta harufu ya dagaa waliotandazwa. Mweka Hazina alikaa kando yake. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa imemwishia njiani. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kuhesabu, na katika hesabu zake kulikuwa na usiku mmoja usiokaa sawa.

"Ulikwenda Somanga kuupokea mwili wa Mwalimu."

Kijana alinyamaza.

"Mlilala pale. Mlikuwa nani na nani?"

"Mimi, Mwenyekiti, dereva. Na watu wa marehemu." Akameza mate. "Mwenyekiti alikuwa anatoka Muhimbili. Alikwenda na karatasi, Mwalimu asaini, Mwalimu akakataa. Akakataa mpaka roho inatoka. Alisema nyumba ya klabu haiwekwi rehani kwa ajili ya kombe."

"Basi Mwenyekiti akashika mkono wa maiti."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Mwenyekiti alishika tochi." Golikipa alikuwa analia sasa, bila sauti. "Kidau cha wino na mkono vilishikwa na mtu mwingine. Nilipofumbua macho nikaona, na wao wakaniona. Niliapishwa, dada. Kwa Msahafu. Jina sitalitaja, hata ukinichinja."

Hakumchinja. Alimlipia nauli, wakarudi wote Masoko, na usiku ule alilala na daftari. Si mahesabu yake, bali ya mtangulizi wake, kurasa ambazo alizipokea zimefungwa na hakuwahi kuona haja ya kuzirudia. Ukurasa wa mwaka 2019, pembeni kabisa, nje ya safu, kulikuwa na mstari wa penseli uliofifia. Azima. Mwl. 18,000,000.

Mwaka 2019 Mwalimu alistaafu. Mweka Hazina alikumbuka msimu ule: timu ilikuwa na deni la chama cha mkoa, la hoteli, la basi lililozuiwa Mtwara na mwenye gari, na ghafla yote yakalipwa, na watu wakasema Mungu mkubwa. Kumbe kilikuwa kiinua mgongo cha mtu. Kilitoka mfukoni kwake kikaingia klabu bila risiti, bila mkataba, kwa neno tu. Na siku ya maziko, kaka wa marehemu alipouliza nani anadaiwa, waliojua walikuwa wanakung'uta viatu.

Siku ya mnada ilifika Jumamosi. Saa tatu asubuhi simu ya Mweka Hazina ilitetemeka. Wakili alikuwa ametuma picha: zuio la muda, limesainiwa, limepigwa lakiri. Chini yake maneno machache. "Nimelipata kwa hoja ya dole la maiti, ile ya taarifa imetushinda kwa ajili ya mhuri. Ukimpa dalali, mnada unakufa. Lakini ujue kwamba Jumatatu polisi watamtaka kila aliyekuwa Somanga, na kila aliyepiga mhuri."

Alilichapa kwenye duka la steshenari la fremu ya tatu. Akalikunja mara nne, akalisokomeza mkobani.

Saa nne kamili dalali alipanda kwenye benchi la Mama Vitumbua, kengele mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili. Umati ulijaa mpaka barabarani. Mzee Nahodha ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, kanzu nyeupe, mgongo umenyooka. Golikipa amesimama nyuma ya dada yake. Mwenyekiti bado hapatikani.

"Milioni hamsini!" dalali akaanza, na kijana mmoja mgeni akainua kidole. Hamsini na tano. Sitini. Waliobaki walikuwa wawili: yule kijana, ambaye kila dakika alikuwa anaongea na sikio la simu, na bwana wa miwani ya jua aliyefika alfajiri kutoka Dar es Salaam na kuulizia umbali wa hapo hadi bandari ya uvuvi. Sitini na tano. Sitini na nane. Kijana akatikisa kichwa, akajitoa.

"Sabini, bwana wa miwani! Sabini mara ya kwanza!"

Mweka Hazina alitia mkono mkobani. Karatasi ilikuwa pale.

"Sabini na mbili."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Umati ukageuka, ukapasuka katikati. Aliyekuja mbele alikuwa amevaa baibui, ana kikapu cha ukindu kilichofunikwa kanga, na anatembea bila haraka. Watu wakampisha kwa heshima, wengine wakamwamkia, maana hakuna Masoko nzima asiyemfahamu. Mjane wa Mwalimu.

Bwana wa miwani aliguna, akaanza kupiga hesabu kwenye simu, akaikunja. "Mwache achukue," akasema. "Kwa bei hiyo simo."

"Sabini na mbili, mama yetu! Robo yake papo hapo, mama, unafahamu?"

"Nafahamu," Mjane akasema, akaifunua kanga kidogo. Waliokuwa karibu waliona mafungu ya noti za elfu kumi, yamebanwa kwa raba.

Robo ya sabini na mbili. Mweka Hazina hakuhitaji kikokotozi. Kumi na nane.

Akageuka kumtazama mdogo wake. Golikipa alikuwa ameinamisha uso, anang'ang'ania plasta za vidole vyake, hataki kumtazama mjane wala dada yake. Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji litajwe.

Mwanamke aliyemuuguza mume hospitalini akiiona klabu aliyoikopesha ikileta karatasi badala ya pesa. Aliyelala naye Somanga ndani ya gari, maji pande zote. Aliyesikia, kupitia kwa wanawe, kwamba makaburini hakujitokeza mtu. Alichukua chake. Na sasa alikuwa anakirudisha mezani, noti kwa noti, kuinunua nyumba ambayo mumewe alikataa isiuzwe. Aiweke klabuni, au aifunge na kufuli lake? Uso wake haukusema.

"Sabini na mbili mara ya kwanza!"

Mjane akamwona. Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu, kisha macho ya mama yule yakateremka hadi kwenye mkoba, kana kwamba anajua kilichomo, yakahamia kwa Golikipa, yakakaa hapo.

"Mara ya pili!"

Kuitoa karatasi ni kuwapeleka wote wawili polisi. Kuiacha ni kuuza nyumba mbele ya Mzee Nahodha kwa dole alilolisugua mwenyewe. Mweka Hazina alitaka dakika moja tu, asimamishe kelele, aseme neno na mama yule faragha. Akanyanyua mkono juu.

Kengele ikalia.

"Aaah! Sabini na tano!" dalali akapaza sauti. "Sabini na tano kwa dada wa ushungi wa kijani! Mama yetu, unaongeza?"

Mjane alimtazama Mweka Hazina kitambo. Halafu akaifunika kanga juu ya kikapu chake, akafunga fundo, akatikisa kichwa.

"Sabini na tano mara ya kwanza! Mara ya pili! Dada, robo yako iko wapi?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO